Gazi walivyouza hewa wakapata maji

Maji yanapokupwa katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, bahari hurudi nyuma taratibu na kuacha tope jeusi linalometameta, mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, na kaa wanaokimbilia mashimoni kwa ubavu. Huo ndio wakati wa kazi. Wanawake hukunja leso hadi magotini, vijana huvua ndara wakaziacha mchangani, na wote huingia topeni na mafungu ya mbegu za mkoko. Muda wao ni saa chache tu. Maji yakianza kujaa, hayamsubiri mtu.

Mbegu ya mkoko ina tabia yake ya pekee. Haingoji ianguke ndipo iote kama mbegu ya mwembe au mkorosho. Huchipua ikingali juu ya mti mama, ikateremsha kijiti cha kijani ambacho kinaweza kufikia urefu wa nusu mita, chembamba juu, kizito chini, chenye ncha. Kikipevuka huvaa pete ya manjano shingoni, na hiyo ndiyo alama anayoitafuta mwenye kuchuma. Kisicho na pete bado ni kichanga. Mpandaji hukishika katikati, hukizamisha topeni kama theluthi ya urefu wake, ncha ikitazama chini, kisha hupiga hatua moja na kuzamisha kingine. Akikipindua kitaoza. Akikipanda mahali ambapo mawimbi yanapiga kwa nguvu, kitang'oka kabla hakijatoa jani la pili.

Kila mwaka miche ipatayo 4,000 hupandwa namna hii na wakazi wa vijiji viwili vya Kaunti ya Kwale, Gazi na Makongeni. Lakini upandaji ni sehemu ndogo ya kazi yao. Kubwa zaidi ni kuulinda msitu uliosimama tayari, usiku na mchana, dhidi ya panga na shoka. Na kwa ulinzi huo hulipwa.

Mradi wenyewe unaitwa Mikoko Pamoja. Ulipoanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, ulikuwa wa kwanza duniani kwa jamii ya kijijini kugharimia hifadhi ya mikoko kwa njia hiyo. Watafiti, waandishi na wageni wa serikali mbalimbali wamekuwa wakimiminika Gazi tangu hapo. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo la UNDP, uliutunukia mradi huo Tuzo ya Ikweta. Kijiji ambacho wapenda historia walikijua kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewainukia Waingereza mwaka 1895, sasa kinajulikana kwa tope lake.

Tope, naam. Mtu anayetazama msitu wa mikoko huona majani na mizizi, na hudhani hazina iko juu. Iko chini. Mti huvuta hewa ya kaboni kutoka angani ukaigeuza kuwa shina, mizizi na majani. Katika msitu wa nchi kavu, jani likianguka huoza haraka na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hurudi angani. Kwenye mikoko, jani na mzizi uliokufa hufunikwa na tope lililoshiba maji ya chumvi, pasipo na oksijeni ya kutosha kuozesha kitu kwa haraka, na kaboni hubaki pale miaka na mikaka. Wanasayansi waliopima misitu ya mikoko katika nchi za bahari ya Hindi na Pasifiki walikuta wastani wa takriban tani 1,000 za kaboni kwa hekta moja, nyingi zikiwa ardhini. Ukikata msitu huo unapoteza miti, na pia unalifungua ghala.

Gazi walishauona mlango wa ghala ukifunguliwa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilikatwa kwa wingi ili kuwa kuni za viwanda, vya matofali na vya chokaa. Palipokuwa na msitu pakabaki uwanja wa tope lililokauka na kupasuka, lenye visiki. Miaka ikapita, msitu haukurudi wenyewe. Jua liliichoma ardhi isiyo na kivuli, chumvi ikazidi, na mbegu zilizoletwa na maji zikakosa pa kushika. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kulipa gharama, kwa kuwa kamba, kaa na watoto wa samaki wengi hujificha na kula katikati ya mizizi ile kabla ya kutoka kwenda bahari ya wazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, yenye kituo chake hapo hapo Gazi, ilianza majaribio ya kupanda upya. Aliyeshika usukani wa kazi hiyo ni Dkt. James Kairo, mtaalamu ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na mikoko ya Kenya. Wanakijiji walipanda pamoja na watafiti, wakajifunza kwa macho yao ni aina gani inashika wapi: mlilana mbele kabisa unakopigwa na mawimbi, mkoko nyuma yake, kisha mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu. Somo hilo la mpangilio ndilo lililookoa jasho la watu. Nchini Ufilipino mamilioni ya miche ya mikoko yalipandwa kwa miongo kadhaa, na watafiti waliorudi kuhesabu walikuta katika maeneo mengi ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyopona, hasa kwa sababu aina isiyofaa ilipandwa mahali pasipofaa. Inafaa kulikumbuka hilo wakati huu ambapo Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Miche ikihesabiwa siku ya kupandwa tu, hesabu hiyo itatudanganya.

Kutoka kwenye miche hadi kwenye fedha palihitaji safari nyingine. KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland walikaa na wanakijiji miaka kadhaa wakipima miti, wakichimba sampuli za udongo na kuandika mpango ambao shirika la Plan Vivo, linalothibitisha miradi ya kaboni ya wakulima na jamii za vijijini, lingeukubali. Hatimaye eneo la hekta 117 likatengwa kati ya hekta zipatazo 615 za mikoko katika ghuba nzima. Makubaliano ni ya miaka 20. Kila mwaka msitu huo, kwa kutokatwa na kwa kukua, hukadiriwa kuzuia tani zipatazo 3,000 za hewa ya kaboni kuingia angani. Tani hizo huuzwa kama hati kwa watu na kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia uchafuzi wao, kupitia shirika la hisani la huko Scotland, ACES, na fedha hurudi Kwale.

Fedha hizo si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa kama dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Vijiji hivi viwili vina maelfu ya watu; zingegawanywa mkono kwa mkono zingeisha siku hiyohiyo na zisingeacha alama. Hapa ndipo Gazi na Makongeni walipofanya uamuzi ulioubeba mradi hadi leo: fedha zisigawanywe, zifanye kitu ambacho kila nyumba itakiona.

Uamuzi hupitia barazani. Kamati inayosimamia mradi ni ya wanakijiji wenyewe, waliochaguliwa kutoka pande zote mbili. Kanuni za Plan Vivo zinataka angalau asilimia 60 ya mapato iifikie jamii, na zinazobaki zigharimie uendeshaji, ulinzi na upimaji. Lakini matumizi ya sehemu ya jamii huamuliwa na wakazi wenyewe mkutanoni. Wazee husema lao, kina mama husema lao, walimu wa shule huleta orodha zao. Wakati mwingine mjadala huwa mrefu na mkali, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa, kwa kuwa mali inayojadiliwa ni ya wote.

Kilichoshinda mapema katika mabaraza hayo kilikuwa maji. Mtu asiyewahi kuishi pwani anaweza kushangaa: kijiji kimekaa ukingoni mwa bahari, kina shida gani ya maji? Kina shida ya maji ya kunywa. Visima vilivyo karibu na bahari hupata chumvi, na mzigo wa kutafuta maji matamu huwaangukia wanawake na wasichana, madumu kichwani, asubuhi na jioni. Fedha za kaboni zikaleta mabomba ya maji katika vijiji vyote viwili. Nyingine zikanunua vitabu vya shule na kukarabati majengo ya madarasa.

Ndipo maneno ya kuuza hewa, ambayo mwanzoni yaliwachekesha watu, yalipopata maana. Hewa haishikiki. Bomba linashikika. Mama anayefungulia maji karibu na mlango wake anajua yametoka wapi, na akisikia shoka likilia msituni usiku anajua ni kitu gani kinakatwa. Ulinzi wa msitu wa hekta 117 hauwezi kufanywa na walinzi wachache peke yao, hata wawe hodari vipi. Hufanywa na kijiji kizima chenye masikio.

Miradi mingi ya mazingira katika pwani yetu imeanza kwa magari mapya na mabango makubwa, na bango likabaki limesimama peke yake baada ya wafadhili kuondoka. Tofauti iliyopo Gazi, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko katika kikao kile cha wanakijiji zaidi ya soko la kaboni. Soko lilileta fedha kidogo. Baraza ndilo lililozigeuza kuwa mkataba kati ya jirani na jirani.

Shida bado zipo. Mikoko ina wapenzi wengi, na baadhi yao huja na shoka. Tangu zamani pwani yote ya Waswahili imejengwa kwa miti hii. Fundi huitaja kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo vya baharini, magome ya mkandaa hutoa rangi. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti Lamu na delta ya Rufiji yakazipeleka Oman na nchi za Ghuba, kusikokuwa na miti ya kujengea, na katika nyumba za kale za Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Mwaka 1982 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku kuziuza boriti nchi za nje. Amri zote hizo hazikuondoa hitaji la mtu wa kijijini anayetaka kuezeka nyumba au kuchemsha chai.

Mtu huyo hawezi kuambiwa tu "usikate". Lazima aonyeshwe pa kukata. Ndiyo maana Mikoko Pamoja walipanda pia mashamba ya mivinje, mti unaokua haraka, ulionyooka, unaofaa kwa nguzo na kuni, ili panga lipate kazi mahali pengine. Nao wanawake wa Gazi, kabla hata kaboni haijaanza kuuzwa, walikuwa wamejengewa njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio akatembea msituni bila kulowa, na wenyeji wake wakampikia chakula cha pwani. Msitu uliosimama ukaanza kuleta senti nyumbani bila mti hata mmoja kuanguka.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto. Mvuvi wa Makongeni mwenye ngalawa na tanga, asiye na gari wala kiyoyozi, mchango wake katika uharibifu huo ni kama haupo. Hata hivyo bahari inayopanda inapanda kwake. Kati ya mwaka 1901 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Mvua zilizotibua mito wakati wa El Nino ya mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, ukaifunika mizizi ya mikoko na kuiua. Basi watu waliochafua kidogo kabisa ndio wanaolinda ghala la kaboni kwa ajili ya waliochafua sana, tena kwa malipo madogo. Jambo hilo linauma, na halipaswi kufichwa nyuma ya picha nzuri za miche. Anayenunua hati ya tani moja kutoka Gazi akaendelea kuchafua kama jana, amepata mlinzi wa bei rahisi.

Haki ya wanaoulinda msitu imeanza kuandikwa katika sheria, ingawa si yote. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ndiyo iliyowawezesha wanakijiji kuunda chama cha msitu na kutia saini na serikali makubaliano ya kusimamia mikoko, ambayo bado ni mali ya umma. Bila karatasi hiyo, Gazi wasingekuwa na cha kuuza. Mwaka 2023 Bunge likairekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi: mradi wa kaboni wa ardhini lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, yaliyosajiliwa, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kanuni zake zikafuata mwaka 2024. Kwa madalali waliokuwa wakizunguka vijijini na mikataba mirefu ya Kiingereza, hilo ni lango jipya la kupita. Kwa vijiji, ni kitu cha kushikilia mkononi wanapoketi mezani. Ila ukitazama vizuri utaona kwamba asilimia 60 waliyokuwa nayo Gazi tangu mwanzo ni kubwa kuliko kiwango cha chini cha sheria, kwa hiyo jamii yoyote inayojadiliana leo isikubali kuambiwa kwamba 40 ndiyo kilele.

Mfano umeshavuka ghuba. Kusini zaidi, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu viliunganisha silabi za majina yao vikaunda chama kinachoitwa VAJIKI, na mwaka 2019 vikaanzisha mradi wao wa kaboni juu ya mikoko ya zaidi ya hekta 460. Ni karibu mara nne ya eneo la Gazi. Waliokwenda kuwafundisha hawakutoka mbali; kazi ilikuwa imeshafanyika Gazi, kwa lugha ileile, na watu wanaooana na kuzikana.

Ukivuka mpaka, mikoko haioni bendera. Inaendelea hadi Tanga, na kusini zaidi hadi delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Huko hali ni ngumu zaidi: wakulima wa mpunga hufyeka mikoko kwenye udongo uliopata maji matamu ya mto, na wamevutana na maofisa wa misitu miaka mingi. Kuwaambia wauze hewa ukaa, kama Watanzania wanavyoiita, hakutatosha kabla ya kuulizwa watalima wapi. Kisichobadilika kati ya Gazi na Rufiji ni swali la kwanza barazani: mtu akiacha kukata, jioni atakula nini?

Makubaliano ya miaka 20 ya Mikoko Pamoja yataisha mwaka 2033. Watoto waliozaliwa mradi ulipoanza watakuwa na umri wa kupiga kura na kusimama kwenye kamati. Kipimo chao hakitakuwa kauli za viongozi wala tuzo ukutani. Kitakuwa utepe wa kupimia unaozungushwa kwenye shina, mita moja na sentimita 30 kutoka ardhini, katika vipande vya msitu vilivyowekewa alama ili virudiwe kila upimaji. Kazi hiyo hufanywa na vijana wa kijiji pamoja na watafiti, tope likiwa limewafika magotini na mbu wakiimba masikioni. Mmoja huzungusha utepe na kusoma namba kwa sauti. Mwenzake huiandika kwa penseli, kwa kuwa wino hauvumilii maji ya chumvi. Kisha wanahamia mti unaofuata.